Dawati Moja na Mkwe

Mwalimu Mildred Nasipwondi hakuwa na mazoea ya kudanganya, ndiyo maana siku aliyoamua kudanganya alifanya kazi mbovu kabisa. Binti yake Mercyline alipopita kumsalimia Alhamisi jioni, mama alimwambia kwamba Jumamosi hatapatikana, ana mkutano wa akina mama wa kanisa.

"Mkutano wa nini?" Mercyline akauliza.

"Wa sufuria," mama akajibu. Na kwa vile hakuna aliyejua mkutano wa sufuria unahusu nini, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, mazungumzo yakaishia hapo.

Ukweli ni kwamba Jumamosi hiyo, mwezi wa nane mwaka wa tisini na sita, Nasipwondi alikuwa anakwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alikuwa na shule ya chekechea ya chumba kimoja cha mabati Kibera, upande wa kuelekea Ayany, watoto sitini na wawili na mwalimu mmoja, yaani yeye. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha watoto wa watu kushika kalamu, kuhesabu na kupangusa makamasi, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyemketisha chini akamfundisha yeye kitu. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka. Si cheo, si joho la kupigia picha. Alitaka kukaa darasani, mtu mwingine ashike chaki.

Sasa, chuo chenyewe kilikuwa mbali, huko magharibi karibu na kwao, na mtihani wa watu wazima kilikuwa kinaufanyia huko huko, siku tatu nzima katikati ya muhula. Mwalimu wa peke yake hawezi kuacha watoto sitini na wawili siku tatu. Akirudi atakuta hata mabati yameliwa. Lakini mwaka huo, kwa mara ya kwanza na, barua ilisema wazi, ya mwisho, chuo kiliamua kuwaletea watu wa Nairobi mtihani wao Nairobi, siku moja tu, kwenye ukumbi wa kanisa huko Gatina, Kawangware. Barua ilisema pia kwamba mtahiniwa asiwe ametimiza miaka hamsini. Nasipwondi alikuwa anatimiza hamsini mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo ilikuwa ni Jumamosi hiyo au basi tena.

Kwa nini afiche? Kwa sababu ya kicheko. Kibera mtu akikohoa mlango wa kwanza, mlango wa ishirini wanamchemshia dawa, na yeye hakutaka kuulizwa na kila muuza mboga kama atavaa yunifomu na soksi ndefu. Akifaulu atasema. Akianguka, mkutano wa sufuria ulikuwa mzuri, tumshukuru Mungu.

Basi alfajiri akavaa gauni la bluu, akajitupia leso mabegani kwa sababu ya baridi, akatia kalamu tatu kwenye mkoba na kutoka kwa mguu. Alipita Olympic watu wakifungua vioski, akavuka barabara ya Ngong, akashika njia ya Dagoretti Corner akijisomea kanuni za nukta na mkato kwa sauti ya chini. Saa tatu kasoro dakika kumi alikuwa Gatina, viatu vikiwa na vumbi na moyo ukimdunda kama wa msichana.

Ukumbi ulikuwa umejaa madawati yaliyoazimwa shule ya msingi, yale ya watu wawili wawili. Msimamizi alikuwa Bwana Kitheka, mhadhiri mfupi mwenye koti la kijivu, mzaliwa wa Kitui aliyefuata kazi hadi magharibi akakaa. Alisimama mbele akisoma sheria kwa furaha ya mtu anayependa sheria.

"Mlango unafungwa saa tatu na nusu. Baada ya hapo hata mkuu wa chuo mwenyewe akija, atabaki nje."

"Samahani mwalimu," Nasipwondi aliuliza, "namba kumi na nne ni wapi?"

"Pale dirishani, mama. Unakaa na namba kumi na tatu."

Namba kumi na tatu alikuwa ameshakaa, kainamia dawati anachonga penseli, mgongo umemwelekea. Nasipwondi akapiga hatua tatu kumwendea, ya nne ikamshinda. Alikijua kile kisogo. Kilikuwa kisogo kipana chenye kovu dogo karibu na sikio la kushoto, na kilikuwa cha Vincent Sifuna, fundi wa stima, yaani umeme, wa hapo hapo Kawangware, mume wa Mercyline.

Msomaji asiye wa kwetu pengine atasema, si vizuri, amempata mtu wa nyumbani? La. Kwa Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawakutani hivi hivi. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na kukaa kiti kimoja ni jambo ambalo mtu mzima hulisema kwa kunong'ona. Si chuki, ni heshima, tena heshima kali. Sifuna alikuwa ameoa miaka saba, na katika miaka hiyo akimwona mama mkwe njiani aligeuka akaingia kichochoro cha kwanza, hata kama kilikuwa na maji machafu. Ndiyo maana Nasipwondi, angeambiwa na polisi aeleze uso wa mkwe wake, angekwama. Kisogo angekieleza hadi nywele ya mwisho.

Sifuna naye alikuwa ameisikia ile sauti ikiuliza namba. Penseli ikamponyoka. Hakugeuka. Aliinuka taratibu, akatembea ubavu ubavu kama kaa hadi mlango wa mbele, akatoka. Nasipwondi alikuwa tayari ameshatoka kwa mlango wa nyuma. Bwana Kitheka akabaki akiangalia dawati tupu na karatasi mbili mkononi.

Sasa angalia mambo. Mmoja ametoka mbele, mwingine nyuma, na kila mmoja akitafuta pa kujificha akaliona jiko la kanisa, lile banda la mabati lililokuwa nyuma ya ukumbi. Mmoja alizunguka kulia, mwingine kushoto. Nusura wagongane pembeni ya jiko.

Sifuna alijibandika ukutani akiangalia mabati kama mtoto aliyeadhibiwa. Nasipwondi akajifunika leso kichwa kizima. Katikati yao alisimama Phanice, mpishi wa chai wa kanisa, mtu wa Webuye, Mbukusu pia, na birika mkononi. Hakuhitaji kuelezwa. Alitazama ukuta, akatazama leso, akashika mdomo.

"Woi! Mkwe?"

"Mkwe," leso ikajibu.

"Madam," Sifuna aliyaambia mabati, "mwambie mama arudi ndani. Mimi bado kijana."

Phanice akageuka. "Anasema urudi ndani, yeye bado kijana."

"Nimesikia," Nasipwondi alisema. Walikuwa hatua tatu tu. "Mwambie nafasi hii ya Nairobi haitarudi. Aingie yeye. Mimi nimeshazeeka, nitafanya nini na chuo?"

"Anasema uingie wewe, yeye ni mzee."

"Mwambie mimi ni fundi, naweza kufunga kazi wiki nzima niende nifanyie huko nyumbani. Yeye hawezi kufunga shule." Sauti ya Sifuna ilikuwa ya upole. "Na mwambie najua mwezi wa kumi na mbili anafika hamsini. Mercy huniambia."

Nasipwondi akaivuta leso chini zaidi. Hakujua kwamba huyu kijana alijua hata mwezi aliozaliwa. Yeye naye alijua mambo ya Sifuna, kwa njia hiyo hiyo ya Mercyline: kwamba anasoma usiku baada ya kazi, kwamba anataka kufundisha vijana ufundi wa stima badala ya kupanda nguzo hadi siku moja imtupe. Alimjua vizuri sana kwa mtu ambaye hajawahi kumwambia habari ya asubuhi. Na Mungu ndiye shahidi, aliutaka mtihani ule kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Lakini mama gani atamfukuza mume wa binti yake kwenye riziki yake? Akafunga mkoba.

"Mwambie nimekwenda nyumbani," alisema.

"Haendi mtu!" Bwana Kitheka alikuwa amefika, saa mkononi. "Nyinyi wawili mna dakika kumi na mbili. Mmekosana? Mna kesi?"

"Hawana kesi, mwalimu," Phanice alisema. "Huyu ni mama mkwe wake."

Nasipwondi alingoja mhadhiri acheke, au aseme mambo ya karne ya ishirini. Badala yake Kitheka alishusha saa polepole, na uso wake ukawa wa mtu aliyekumbuka maumivu.

"Mama mkwe," alisema. "Haki ya Mungu. Unajua mimi kwetu Kitui niliruka mtaro kwa sababu hiyo? Nilikuwa natoka sokoni, namwona huyo anakuja na kuni, hakuna kona, hakuna kichaka. Nikaruka. Nilivunjika mkono huu hapa. Na yeye ndiye aliyetuma watu waje kunitoa, amesimama mbali, ameangalia pembeni." Aliupapasa mkono. "Sasa tatizo ni kiti, au ni paa?"

"Kiti ndio mbaya," Phanice alisema. "Lakini hata paa ni shida, mwalimu, kwa hawa ambao bado hawajaondoleana ile haya kwa kupeana zawadi."

"Basi dawa ya paa tunaipata. Sheria inasema kila mtahiniwa aonekane na msimamizi. Haisemi lazima awe ndani." Macho yake yaling'aa. Huyo ndiye mpenda sheria. "Kijana, beba dawati la mwisho uliweke uani. Mama, ingia. Mimi nitasimama mlangoni, jicho moja huku, jicho moja huku."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba saa tatu na dakika ishirini na nane Vincent Sifuna alikuwa ameketi peke yake katikati ya uwanja wa kanisa, kofia ya sufu kichwani, kuku wawili wakimzunguka, akianza insha kwa kalamu ya wino. Nasipwondi alikuwa ndani dirishani. Alipanga dawati lake asimwone, halafu kila baada ya mistari mitano akawa anajikuta amemwona.

Insha ilimwendea vizuri. Alikuwa na mengi ya kusema, na kalamu ilikuwa inakimbia. Alikuwa kwenye ukurasa wa tatu aliposikia mabati yakitoa ule mchakacho mwepesi, na hakuinua kichwa kwa sababu Nairobi mwezi wa nane manyunyu ni kitu cha kila siku. Kisha mchakacho ukawa mzito.

Akaangalia nje. Sifuna hakuwa ameondoka. Alikuwa amelala juu ya karatasi yake kama kuku juu ya mayai, mabega yamelowa, mkono mmoja umefunika na mwingine ukiendelea kuandika kule chini ambako hata yeye haoni. Hakuangalia ukumbini. Hangeweza kuingia, kwa maana ndani alikuwamo mama mkwe, na angekaa pale hadi mafuriko. Nasipwondi alimwona akifuta karatasi kwa mkono wa shati, na shati lenyewe lilikuwa linachuruzika.

Akajisemea amalizie aya kwanza. Akaandika neno moja. Akaandika la pili, akalifuta. Akakasirika: na mvua, na chuo, na desturi, na zaidi na yeye mwenyewe aliyekuwa amekaa pakavu akitafuta neno zuri huku mtoto wa mtu ananyeshewa kwa ajili yake. Akasimama.

"Namba kumi na nne, hakuna kusimama," Kitheka alisema.

"Mwalimu, nina mtoto nje analowa," alisema Nasipwondi, akampita mlangoni.

Alisimama kizingitini. Watahiniwa wote walikuwa wameacha kuandika.

"Vincent," aliita. "Ingia ndani."

Sifuna aliinua kichwa lakini akageukia ua. "Mwambie mama..." alianza, kisha akaona hakuna mtu wa kumwambia.

"Hakuna wa kukuambia," alisema Nasipwondi. "Nimekuambia mimi. Inuka, mwanangu, uingie."

Jamaa alisimama, karatasi kaikumbatia kifuani, lakini miguu ilikataa. Hapo ndipo Phanice alipotoka jikoni mbio, gunia kichwani.

"Msiingie bure bure! Haya haiondolewi kwa mdomo. Lazima mpeane kitu!"

"Tupeane nini?" Nasipwondi alisema. "Hapa kuna kuku wa kanisa tu."

"Hao kuku usiwaguse, ni wa pasta. Ya kweli mtafanya nyumbani, na wazee, na blanketi. Hii itakuwa advance tu, malipo ya mwanzo. Mimi ndio shahidi."

Nasipwondi akavua leso begani, akainyoosha mbele yake kwa mikono miwili. Sifuna alikuja polepole, akaipokea akiwa ameinama. Kisha akajipapasa mifuko, akapata penseli na koleo dogo la kukatia waya, akaona haviwezi kumfaa mama. Mwishowe akavua kofia yake ya sufu, nyekundu, yenye kishada, imelowa chapa chapa, akampa. Naye, kwa kuwa zawadi hukubaliwa mbele ya shahidi, akaivaa pale pale. Maji yakamshuka hadi shingoni.

Ndipo wakaangaliana. Kijana alikuwa na uso wa kawaida tu, pua fupi, macho ya usingizi, amechoka na ameogopa. Nasipwondi alimpenda saa hiyo hiyo, akashangaa ilikuwaje amemkosa miaka saba.

Mama mmoja wa dawati la tatu alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele. Bwana Kitheka akagonga meza.

"Kimya! Huu ni mtihani!" Kisha akageukia ukutani, akavuta pua, akaangalia saa. "Kwa sababu ya... kwa sababu ya hali ya hewa, naongeza dakika kumi kwa kila mtu."

Dawati la Sifuna lilikuwa limelowa hadi mbao, kwa hiyo kiti kilichobaki kilikuwa namba kumi na tatu. Akakaa. Mwanzoni kila mmoja alikaa ukingoni mwa benchi kiasi cha kuanguka. Kufika karatasi ya hesabu, walikuwa wamekaa kama watu wengine, Sifuna na leso ya maua, mama na kofia yenye kishada, na hakuna aliyechungulia kazi ya mwenzake.

Majibu yalikuja baada ya wiki nne. Mercyline ndiye aliyezileta barua zote mbili Kibera, akazipiga mezani kwa hasira.

"Mkutano wa sufuria, eh?" alisema. "Mama, mimi nafichwa siri na mama yangu, na mume wangu ananiambia ati amenyeshewa na baraka! Haya, soma."

Nasipwondi alisoma yake kwanza. Amekubaliwa. Ataanza masomo wakati wa likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Aliketi chini, akacheka, akalia kidogo, akacheka tena, na Mercyline akasahau kwamba alikuwa amekasirika.

Kisha akasoma ya Sifuna. Hesabu: alama ya juu kuliko wote wa Nairobi. Insha: kurasa mbili za kwanza hazikusomeka, wino umesambaa. Chuo kilimruhusu kuirudia karatasi hiyo moja, huko huko chuoni, mwezi wa kumi tarehe kumi na mbili.

Furaha ya Nasipwondi ikapungua nusu. Zile kurasa mbili alizijua. Alikuwa amekaa pakavu wakati zinaharibika, na angalia, yeye amepita.

"Amesemaje?" aliuliza.

"Anasema hesabu haimsumbui. Anasema insha hata bila mvua ingemwangusha, hajui kupanga maneno. Anacheka tu." Mercyline alimwangalia mama yake. "Mama, imebaki wiki tano."

Nasipwondi alikunja barua. Jumamosi iliyofuata wazee wawili wa Kimilili wanaoishi Olympic waliitwa, Phanice akaja kutoka Gatina kama shahidi na hakukubali kukosa, kuku akachinjwa, blanketi likatolewa, na ile advance ikakamilishwa kama inavyotakiwa. Watu wakala, mkwe na mama mkwe meza moja, na Sifuna akamwaga mchuzi kwenye suruali kwa woga.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, shule ya chekechea ya Mwalimu Nasipwondi ilikuwa tupu. Alikuwa amepangusa ubao na kuchonga kalamu. Mlango ukasukumwa kidogo, na Sifuna akasimama hapo, daftari mkononi, shati lake jeupe la harusi limepigwa pasi. Alikuwa hajui kama apige hodi, au asalimie, au aangalie chini.

Mama mkwe wake alimtazama juu hadi chini, kisha akaitazama saa ya ukutani.

"Umechelewa dakika tano, Vincent," alisema. "Kaa hapo mbele, tuanze."